Kipimo cha kansa kwa tone la damu: kifike zahanati zetu sasa, au kisubiri?

Mkulima wa Mbozi: Wadau, bayosensa za nano zinakuja. Ni kifaa kidogo chenye chembe za dhahabu ndogo mno (ndiyo hiyo nano) zilizopakwa kingamwili. Kingamwili zikinasa protini zinazoweza kuashiria kansa, kama PSA ya tezi dume au CA-125 ya ovari, rangi au umeme unabadilika na jibu linatoka hapohapo. Nasema serikali ivitengee bajeti mapema, vifike hadi Ileje na Makete. Watu wetu wanafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ugonjwa umeshakomaa, halafu wanaandikiwa Ocean Road, hospitali ya kansa Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 800. Nani anapinga?

Muuguzi Iringa: Mimi. Nano siiogopi, ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria nao ni chembe za dhahabu. Lakini malaria ikionekana, dawa ipo dirishani. CA-125 ikipanda nimwambie nini mama wa watu? Inapanda hata kwa ujauzito, maambukizi ya nyonga, TB ya tumbo. Piga hesabu: wanawake 1,000, wagonjwa wakiwa 5, kipimo kikikosea watu 5 katika kila 100. Wagonjwa utawapata karibu wote, sawa, ila na wazima kama 50 utawatia kiwewe. Wote hao wakapigwe ultrasaundi, wengine wakatwe kipande cha nyama kikapimwe. Wapi, na kwa hela ya nani? Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000. Matokeo ya 2021 yakaonyesha kuwapima CA-125 kila mwaka hakukupunguza vifo vya kansa ya ovari. Na wale wana kila kitu.

Mkulima wa Mbozi: Sista, kwa hoja hiyo tusingepima hata VVU. Tulianza kupima ARV zikiwa hazijafika vijijini. Wagonjwa wakionekana, ndipo wakubwa wanajenga maabara.

Kijana wa Soweto, Mbeya: Mimi nawaza matapeli. Tayari kuna watu wanakushikisha kijiti, wanakusomea "mwili mzima" kwenye kompyuta, kisha wanakuuzia virutubisho. Wakilipata hili neno nano tumekwisha. Marekani kwenyewe kampuni ya Theranos iliwadanganya matajiri kwamba inapima magonjwa mengi kwa matone ya damu, mpaka ikafungwa 2018.

Mama Tukuyu: Kansa inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii ni ya shingo ya kizazi, na muuguzi anaikagua kwa siki tu. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa hiyo, kwa mabinti ipo nchi nzima tangu 2018. Hela ikiwa ndogo ianzie hapo.

Muuguzi Iringa: Ndaga (asante), mama. Mkulima, nakupa kimoja: mzee aliyekwisha kutibiwa tezi dume anahitaji PSA mara kwa mara kuona kama ugonjwa unarudi. Huyo tunamjua, na kipande cha nyama kilishapimwa kikaonyesha kansa. Kifaa kikiwa Makete, atapanda basi siku namba imepanda tu. Kwa huyo hata kesho kiletwe.

Mkulima wa Mbozi: Hilo nalipokea. Ila kifaa kikishakuwa mezani, sista, jirani yake akija kuomba apimwe, utamfukuza?