Hivi kwanini hawatuambii masharti ya kipimo KABLA ya kutupima? Faili langu lote la tumbo halina maana!

Wakuu leo nimevurugwa. Tumbo langu ni kesi ya miaka, linajaa gesi, linanguruma hovyo, wiki hii naharisha wiki ijayo choo hakitoki, uzito unashuka, na kila nikienda naimbiwa wimbo uleule, vidonda vya tumbo hivyo, meza omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni), punguza mawazo. Mawazo! Nani hapa duniani hana mawazo, mbona wote hawaharishi?

Juzi ndo nimempata daktari bingwa wa tumbo, mama mmoja mtaratibu, kashika faili langu anafunua karatasi moja moja, akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: siku unapimwa H. pylori, yule bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, ulikuwa unatumia dawa gani? Nikamwambia omeprazoli, si ndo mlizonipa. Akafunga faili.

Kumbe kile kipimo cha kupuliza pumzi, na kile cha kumtafuta mdudu kwenye choo, vinataka uwe umeacha omeprazoli na ndugu zake angalau wiki 2, na antibayotiki wiki 4, maana hizo dawa zinawapunguza bakteria mpaka kipimo hakiwaoni japo wapo. Yaani ni kama upige makelele chumba kizima ndo utege panya. Wamenipa dawa wao, wamenipima dawa ikiwa mwilini wao, wakaandika HAKUNA KITU wakagonga muhuri.

Na kabla ya hapo kuna sehemu nilipimwa damu wakasema ninao, nikamezeshwa dozi ya antibayotiki ile inayoacha mdomo mchungu siku nzima, halafu wakanirudishia kipimo kilekile cha damu eti tuone kama umepona!! Kingamwili, wale askari wa mwili wanaotengenezwa kupambana na mdudu, zinabaki kwenye damu miezi na miezi hata mdudu akiwa keshakufa, sasa hapo unaona nini? Daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa hao bakteria mwenyewe mwaka 1984 ili watu waamini, yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel 2005, na mpaka leo mtu anaambiwa ni mawazo tu.

Ngoja, bado. Kuna maabara iliniuzia kile kipimo cha damu cha IgG (aina moja ya kingamwili) kinachokutolea orodha ndefu ya vyakula "vinavyokukataa". Ngano ikiwemo, nikaacha ngano kabisa. Mama wa watu ananiambia IgG ya chakula inaonyesha tu kwamba mwili umeshakutana na hicho chakula, basi, haithibitishi kwamba kinakudhuru. Kibaya zaidi, nikiwa nimeacha ngano mwingine akanipima ugonjwa wa siliaki, ule ambao gluteni, protini ya ngano, inafanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, HAKUNA KITU tena. Sasa kitaonekanaje wakati zile kingamwili mwili unazitoa ukiwa unakula gluteni, ukiacha zinashuka taratibu mpaka zinapotea? Hata kinyama kinachokatwa kwenye utumbo kwenda kupimwa kinaweza kuonekana kimepona. Kwahiyo sasa hivi natakiwa nirudi kula ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, angalau wiki 6, niharishe vizuri ndo nipimwe upya, na safari hii wapime na IgA yote kwa jumla (aina ya kingamwili ambayo kipimo cha siliaki kinaitegemea) maana wenye IgA ya chini kipimo cha kawaida kinawapita.

Choo chenyewe walichukua mara moja tu. Giardia, kile kimelea cha utumbo kinacholeta kuharisha, hatoki kila siku, ndo maana wanaojua kazi wanachukua sampuli za siku tofauti.

Sikatai, IBS, yaani utumbo unaosumbua bila vipimo kuonyesha ugonjwa, ipo na inatesa watu kwelikweli. Ila kama unapungua uzito bila sababu, unaona damu chooni, damu imepungua au unaamka usiku kuharisha, usikubali kufungiwa faili na hilo jina kabla hujachunguzwa, hata kile kipimo cha choo cha kalprotektini kinachoonyesha kama utumbo umewaka na kuvimba kwa ndani.

Hivi kuandika mistari miwili juu ya karatasi ya maabara, unatumia dawa gani, umeacha chakula gani, kunagharimu nini??

Aliyewahi kurudishiwa ngano ili apimwe aje aniambie alivumiliaje, na kazini alikuwa anaaga vipi kila saa. Wenye juisi za kusafisha utumbo msinifuate inbox.