Semista imeisha, nawaza masta: tupeane uzoefu

Habarini wakuu. Niko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), nasoma jiografia na mazingira, na UE, mitihani ya mwisho wa semista ya kwanza, zimeisha juzi. Wenzangu wengi wanawaza matokeo na bumu lijalo, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Mimi kichwa kizima kiko kwenye masta.

Kilichonipeleka huko ni andiko la utafiti. Niliandika kwamba mashamba ya mpunga yanaila mikoko ya delta ya Rufiji. Msimamizi wangu akanirudishia karatasi, pembeni ya sentensi hiyo ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umejuaje?" Nikamfuata ofisini. Akafungua picha za Landsat, zile za satelaiti ambazo yeyote anapakua bure, tukalinganisha za zamani na za sasa kipande kwa kipande hadi jioni. Sijawahi kufurahia somo namna ile. Nataka hii iwe kazi yangu.

GPA ni 3.8. Mliopita njia hii, mliunganisha moja kwa moja au mlianza kazi? Ada mlitoa wapi?

Mchangiaji, Morogoro
Hongera mdogo wangu. Mimi nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, digrii na masta. Profesa mmoja alikuwa na mradi wa utafiti wenye nafasi ya mwanafunzi wa masta. Ada na hela ya kwenda uwandani vilitoka humo. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa idara tu. Nililiona kwa sababu baada ya kuhitimu niliendelea kujitolea maabara. Huyo msimamizi wako usimpotee, hata ukishavaa joho. Barua ya mapendekezo ya mtu aliyekaa na wewe juu ya kazi inasomeka tofauti kabisa na ya mtu anayekukumbuka kwa namba ya usajili.

Mchangiaji, Dar
Mdogo wangu, soma masharti kabla hujajaza fomu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili hivi. Kazi ya kujitolea inahesabika, kwa hiyo tunza barua za kila ulipofanya. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ni habari nyingine: hata aliye mwaka wa mwisho anaomba, mradi awe amehitimu kabla masomo hayajaanza, na posho ni yuro 1,400 kwa mwezi. Mimi ndiyo niliyopata. Maombi mengi hufunguliwa kuanzia Oktoba, kwa hiyo pasipoti ianze kushughulikiwa sasa. Na cheti cha IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kinadumu miaka miwili tu, usikimbilie kufanya mapema mno.

Mchangiaji, Mwanza
Wengine hatukuwa na nafasi ya kuunganisha. Mimi ni mtoto wa kwanza, baba hayupo, mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu. Nilipohitimu nikaingia kufundisha. Bodi ya mikopo inakata 15% ya mshahara wa msingi, kinachobaki kinagawanywa na nyumbani. Masta nikaiweka pembeni, ila sikuifuta. Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne nikajiunga Chuo Kikuu Huria, kituo cha hapa hapa Mwanza, na ada nalipa kwa awamu. Inaumiza kuona wenzako wa darasa wameshamaliza, lakini mama hakulala njaa, na mimi nasoma.

Mleta mada
Asanteni sana. Dada wa Dar, Jumatatu naenda Uhamiaji kuanza pasipoti. Kaka wa Mwanza, na kwetu mimi ndiye wa kwanza, kwa hiyo maneno yako nimeyasoma mara mbili. Kusoma unakupangaje na madaftari ya wanafunzi?

Mchangiaji, Mwanza
Nasahihisha shuleni mpaka yaishe, hata giza likinikuta. Nyumbani sirudi na daftari hata moja. Kuanzia saa mbili usiku ni masta tu, na mke wangu ndiye anayeshika simu.