Usaili wa waombaji wa udaktari bingwa kwa video: walio Dodoma waje ana kwa ana?

Mratibu wa Mafunzo, Dodoma
Habari za kazi, wanajukwaa. Idara yetu inajiandaa kuwasaili madaktari walioomba mafunzo ya uzamili, na kwa kuwa wengi wao wako kazini Kigoma, Mtwara na Sumbawanga, tumeamua kutumia video badala ya kuwasafirisha. Ubishi uliobaki ndani ya jopo ni huu: wale wachache walio hapa mjini, ambao baadhi yao tunapishana nao wodini kila siku, waje ofisini au nao waingie mtandaoni? Na mtandao ukikatika katikati ya jibu, mnafanyaje?

Bingwa wa Uzazi, Singida
Waingie wote mtandaoni, Mratibu, hata aliye jengo la pili. Nchini Marekani, ambako usaili wa aina hii ulihamia kwenye video mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, jumuiya ya vyuo vya tiba ya huko, AAMC, imeshauri programu moja isichanganye njia hizo mbili. Sababu yake inaeleweka: aliyeketi mbele yenu atasalimiana nanyi na kuchekacheka kidogo, ilhali sauti ya yule wa Sumbawanga inachelewa, nanyi bila kukusudia mnauhesabu uchelewaji huo kuwa ni kusitasita.

Maswali yawe yale yale, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya majadiliano, kwani mkuu wa idara akishasema "huyu yuko vizuri", nani atathubutu kumpa alama ndogo? Sisi hupenda kuuliza: mjamzito amefika zahanati usiku akitokwa na damu, gari la wagonjwa halipo, utafanya nini katika nusu saa ya kwanza? Swali kama hilo halijibiki kwa kusoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya kamera.

Afisa TEHAMA
Mtandao ukikatika, mpigieni simu ya kawaida aendelee kwa sauti, ila msimrudishie swali lile lile, maana huenda ameshalitafutia jibu. Andaeni swali la akiba lenye uzito sawa. Mwaliko useme "saa 3:00 asubuhi" kwa maneno, kwa kuwa kalenda ya kompyuta itaandika 09:00 na wapo watakaochanganyikiwa. Kurekodi bila ridhaa msithubutu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu.

Daktari wa Wilaya
Naomba wakubwa zangu mtupe nafasi ya kuchagua muda. Anayetoka zamu ya usiku akasailiwa asubuhi ile ile hapimwi uwezo, anapimwa usingizi.

Mratibu wa Mafunzo, Dodoma
Nawashukuru. Swali la akiba na uchaguzi wa muda nitavipeleka kwenye kikao cha Jumatatu. Hilo la kuwasaili majirani kwa video natarajia wazee wa jopo watalipinga, lakini nitalisimamia.