Nimenunua boti ya faiba ya zamani, nimebakiwa na milioni 1.8. Nianze na rangi au na mashine?

Kijana wa Raskazone
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata boti ya faiba ya futi 16 hapa Tanga. Ilikuwa ya mzungu mmoja wa shamba la mkonge. Alipoondoka akamwachia mlinzi wake, mlinzi akazeeka nayo, ikaishia chini ya mwembe watoto wanachezea daladala. Nimeinunua laki 6 kwa mtoto wa yule mlinzi. Kibao cha mtengenezaji hakipo, ila wazee wa mtaani wanasema walikuwa wanaiona majini mwishoni mwa miaka ya sabini. Umbo lake ndilo lililoniponza, omo (mbele yake) imenyanyuka vizuri na mbavu zimelala kama papa.

Imekuja na mashine ya Johnson ya farasi 40 ambayo imekamata, ukivuta kamba haisogei hata kidogo.

Mimi ni mwalimu, kazi hii naifanya Jumamosi na Jumapili uani kwangu, chini ya turubai. Nina grinda, drili na msasa. Lengo si biashara, nataka kuvua na wanangu, kwenda kisiwa cha Toten na kurudi. Upande wa kushoto nimeshapiga msasa umeng'aa, mama watoto kakubali kuwa ni boti.

Maswali: (1) nipake rangi kwanza au nihangaike na mashine? (2) resini, ile gundi ya kugandishia faiba, inahitajika kiasi gani? (3) ni nzito ajabu, tulikuwa vijana kumi tukashindwa kuipindua. Hizi za zamani ndivyo zilivyo?

Mpita Njia
Mkuu hiyo ipande mchicha. Hela iliyobaki ongezea ununue bodaboda.

Fundi Faiba Kigamboni
Mwalimu, weka msasa chini. Swali lako la tatu ndilo linalojibu mawili ya mwanzo.

Boti ya futi 16 kuwashinda vijana kumi si kwa sababu ya uzamani, imebeba maji. Chini ya sakafu waliweka povu gumu la kuelea na mbao za urefu za kukaza kitako. Sakafu ikipata ufa, maji ya mvua yanaingia, povu linanyonya miaka na miaka na halikauki hata ukiiacha juani. Hapo chini ya mwembe imekunywa masika mangapi?

Fanya hivi leo. Chukua mpini wa nyundo, gonga ubao wa nyuma pale mashine inapokaa, kutoka juu kushuka chini. Penye uzima panalia "ko ko", penye uozo panaitika "bu" kama unagonga papai lililoiva. Kisha chukua drili na ncha ya milimita 5, toboa kwa ndani, karibu na tundu la kutolea maji. Usivuke kwenda nje. Angalia kinachotoka.

Na usinunue rangi hata kopo moja.

Kijana wa Raskazone
Fundi, nimetoboa. Sentimita moja ya kwanza vumbi jeupe, nikafurahi. Halafu drili ikazama yenyewe bila kusukumwa, nilipoichomoa yakafuata maji ya rangi ya chai ya rangi, yakachuruzika kama dakika mbili hivi. Harufu yake ni ile ya matope ya mikoko maji yakikupwa. Nimeingiza kidole, mbao inatoka kama tambuu iliyotafunwa.

Sakafuni nimekata dirisha la futi moja. Povu lilikuwa la njano, sasa ni la kahawia. Nimekata kipande cha ukubwa wa tofali nikakikamua, kimejaza kikombe.

Nimekaa chini. Niambieni ukweli, nimepigwa?

Fundi Faiba Kigamboni
Hujapigwa, kwa laki 6 umenunua ganda, na ganda la miaka ile mara nyingi ni nene kuliko la sasa. Kilichooza ni mbao na povu. Ungepaka rangi ukafunga mashine ya 40, siku moja ungefungua moto na ubao wa nyuma ungeng'oka na mashine ukazama nayo.

Kazi ya ubao wa nyuma utaifanya kwa ndani. Acha ngozi ya nje ilivyo, hiyo ndiyo kalibu yako ya kuundia umbo. Kata ngozi ya ndani ukiacha kama inchi mbili pembeni, kwangua uozo wote mpaka ukutane na faiba kavu, kisha chimba kwa grinda hadi uone weupe safi. Palipo na unyevu au grisi resini haishiki. Ubao mpya ni plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja. Nunua ile ya gundi isiyoogopa maji, na muuzaji usimwamini kwa maneno: kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe saa nzima. Kikiachana matabaka, mrudishie shuka lake.

Kwa ubao, mbao za chini na sakafu kadiria plaiwudi ya 18 shuka mbili, ya 12 shuka mbili, mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, kilo 10, na resini ya polyesta kilo 25. Mkeka unakunywa resini mara mbili na nusu ya uzito wake, hesabu imetoka hapo. Epoksi, resini ya aina nyingine, inashika vizuri zaidi kwenye faiba kuukuu lakini kwa mfuko wako tuiache. Ila usije ukaanza na epoksi ukamalizia na polyesta, ya juu itabanduka.

Mzee wa Tezi
Vijana nawasalimu. Mimi nimeunda madau na mashua Pangani toka sijaota ndevu. Plaiwudi ni mkate wa boflo, ukilowa umekwisha. Mwalimu tafuta mvule mkavu, unene inchi moja na nusu, funga kwa bolti, tia kalafati (pamba ya kuziba nyufa) pembeni. Utakufa utauacha.

Fundi Faiba Kigamboni
Shikamoo mzee. Kwenye mashua ya mbao nafumba mdomo, hapo mwalimu wangu ni wewe. Lakini kwenye faiba mvule unapumua, ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na faiba haimfuati mwenzake. Baada ya misimu michache zimeachana na maji yamepata nyumba katikati. Plaiwudi tabaka zake zimepishana, haitanuki hivyo. Na ikifungwa kwa resini pande zote, mpaka kwenye kingo na ndani ya matundu ya bolti, maji hayaioni.

Mzee wa Tezi
Marahaba. Hilo la kupumua ni kweli, nimeliona kwenye boti ya hoteli moja, nikadhani ni resini mbovu. Haya, basi nimwambie mwalimu moja la kwetu. Chombo ukikitoa mataruma (mbavu za ndani) yote kwa siku moja kinalala. Kesho yake utaunda kizuri juu ya kitako kilichopinda, na kikienda majini kitavuta upande siku zote. Kabla hujang'oa chochote kiegeshe sawasawa, magunia ya mchanga na matairi mbavu zote. Piga uzi toka omo mpaka tezi, yaani nyuma, na mwingine wa kukata katikati, pima, andika ukutani. Toa ubao mmoja, weka mpya, ndipo utoe wa pili. Kila asubuhi pima uzi.

Fundi Faiba Kigamboni
Mwalimu, hilo la mzee liandike kwa wino mwekundu. Nimeona boti mbili zimeharibiwa hivyo na mafundi wa faiba kabisa.

Dada wa Maabara
Mwalimu wa masomo gani wewe? Ukienda kununua resini uliza kama imeshatiwa kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda. Mara nyingi imeshatiwa, lakini wengine hukupa chupa mbili: hadina ya peroksaidi, ndiyo inayogandisha resini, na kobalti ya zambarau. Hizo mbili ZISIKUTANE zenyewe kwa zenyewe, hata kwa kijiko kimoja. Zinalipuka. Kobalti inakorogwa kwenye resini kwanza mpaka ipotee, ndipo hadina. Hadina ikikurukia jichoni osha kwa maji mengi robo saa bila kuacha huku ukipelekwa hospitali, inapofua. Vaa miwani.

Kipimo cha hadina ni mililita 10 mpaka 20 kwa kilo ya resini. Kwa joto la Tanga 10 zinatosha, chini ya hapo haikomai. Koroga nusu kilo nusu kilo, asubuhi, usijitie ushujaa wa ndoo nzima.

Kijana wa Raskazone
Historia, dada. Na ushauri umechelewa kidogo: jana nilijaribu kilo mbili kwenye bakuli la mama watoto, saa saba mchana. Dakika kumi likaanza kutoa moshi, likapasuka. Bakuli limegeuka jiwe na brashi imesimama katikati kama bendera. Limewekwa mezani makusudi ili wageni waulize.

Ziwa Kuu Mwanza
Naona wote mko kwenye ubao, hakuna anayeuliza mashine. Mwalimu, kabla hujakata huo ubao mpya, amua utafunga mashine gani. Shafti fupi inataka ubao wa kimo cha inchi 15, ndefu inataka 20. Ukikosea, propela itapiga hewa au itazama kupita kiasi, na hilo halirekebishiki kwa rangi.

Hiyo Johnson usiivute kwa nguvu. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia ya otomatiki kwenye kila silinda, iache wiki, ongeza kila siku. Kisha shika gurudumu la juu, zungusha taratibu kufuata saa. Ukirudisha kinyume unavunja mapanga ya impela ya pampu ya maji, ingawa ya kwako lazima ibadilishwe tu. Ikiachia, azima geji upime mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, silinda zote ziwe karibu sawa. Ikikataa, iuze spea. Kampuni iliyokuwa inatengeneza Johnson na Evinrude ilifilisika mwaka 2000, na waliozirithi wakaacha kuunda Evinrude 2020. Impela na gasketi bado zinaagizwa, lakini kila kifaa utakisubiri.

Ukienda kwenye Yamaha Enduro 40 iliyotumika, fungua skrubu ya chini ya gia boksi. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili (mipira ya kuzuia maji) zimekufa. Iwashe ndani ya pipa la maji, kile kimkojo cha pembeni cha maji ya kupozea kitoke kwa nguvu. Linganisha namba ya kwenye kibao na risiti. Huku ziwani mashine zinaibwa sana, usije ukanunua kesi. Mafuta ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20 la petroli. Oili iwe ya boti yenye alama ya TC-W3, si ya bodaboda.

Na hati ya mauziano uisaini mbele ya serikali ya mtaa mapema, TASAC, wakala wa serikali wa usafiri wa majini, watataka kujua chombo kimetoka wapi.

Kijana wa Raskazone
Mrejesho baada ya wiki tano. Povu lote nimelitoa kwa jembe la palizi na mikono, magunia kumi na tatu, na gunia moja hunyanyui peke yako. Jumapili tumeigeuza boti vijana sita, huku mmoja anaongea na simu. Uzi wa mzee uko ukutani, kitako hakijasogea. Johnson imeachia siku ya tisa, lakini silinda ya chini haina mgandamizo, naiuza. Shafti yake ilikuwa fupi. Ninayoifukuzia ni Enduro ya shafti ndefu, kwa hiyo ubao unapanda inchi 20. Hela ya mashine sina bado, nimekubali boti imalizike mwaka huu na mashine ije mwakani.

Badala ya povu jipya, kuna anayepinga madumu? Lita 20, yamezibwa kwa resini, yamefungwa chini ya sakafu.

Fundi Faiba Kigamboni
Sipingi. Kila moja linanyanyua karibu kilo 20. Yafunge kwa mikanda isiyooza, na uache njia ya maji kupita chini yake mpaka kwenye tundu la nyuma. Povu lilikuumiza kwa kuwa maji hayakuwa na pa kutokea.

Kijana wa Raskazone
Shukrani. Ubao nagandisha Jumamosi alfajiri kabla jua halijachachamaa. Nimepungukiwa klampu tu, kuna mtu Tanga mjini ana nne za kuazimisha?

Mpita Njia
Ninazo tatu, moja skrubu imekwaruzika lakini inakaza. Niko Chumbageni. Nakuja nazo mwenyewe, nilione na hilo bakuli.