King Gizzard & the Lizard Wizard: albamu 27, uliingilia ipi na ipi imekushinda? Tupeane uzoefu

Gita_la_Buza
Wakuu habari za jioni. Najua humu wapenzi wa hawa jamaa wa Melbourne tupo wachache ila tupo, kila nikiwataja kwenye nyuzi za watu kuna mtu anachomoza na hoja yake, sasa leo tuwe na uzi wetu wenyewe.

Kwa asiyewajua, ni bendi ya rock kutoka Australia, imeanza 2010, anayeongoza anaitwa Stu Mackenzie. Kuanzia 12 Bar Bruise ya 2012 mpaka Phantom Island ya 2025 wana albamu 27 za studio, na humo ndani kuna metali, kuna jazi, kuna magita makavu bila umeme, kuna vinanda vitupu, kuna mpaka hadithi ya kusimuliwa. Mwaka 2017 peke yake walitoa tano. Ndo maana kila mtu ana King Gizzard wake na ndo maana hatuelewani.

Naanza mie. Mlango wangu ni Nonagon Infinity ya 2016. Mshkaji alinipa kwenye flashi, nikaiweka dukani huku nabadilisha kioo cha simu ya mteja, spika ndogo ile ya mezani. Sasa ile albamu ina nyimbo tisa na zote zimeungana, wa mwisho Road Train unamwagikia moja kwa moja kwenye wa kwanza Robot Stop, mpigo uleule bila kupumua, na redio ilikuwa kwenye kurudia. Mteja akaniuliza huu wimbo unaisha saa ngapi, nikamwambia hauishi, akavuta kiti akakaa. Toka hapo nilitafuta kila kitu chao.

Iliyonishinda ni Fishing for Fishies ya 2019. Nimeipa nafasi mara nyingi tu, ule mdundo wa bugi unazunguka palepale, nafika wimbo wa nne nahama. Lakini miezi minne baadaye mwaka uleule wakashusha Infest the Rats' Nest, metali ya kasi, watu watatu tu ndani ya bendi ndo wameipiga, na kule kuna Mars for the Rich, matajiri wanahamia sayari nyingine maskini wanabaki wanaangalia juu. Bendi inayoweza kufanya hivyo viwili ndani ya mwaka mmoja mimi nakubali nipate moja mbovu na moja ya kuniua. Karibuni.

MwanaUnguja
Mie nimeingilia Flying Microtonal Banana, Februari 2017, na sina haja ya kuitafuta nyengine ya kuishinda.

Nisikilizeni vizuri nikuelezeni. Gita la kawaida lina vituo vyake, baina ya sauti na sauti hakuna kitu. Hawa walitengenezesha gita lenye vyuma vya ziada kwenye shingo, ili wapite kule katikati, kwa sababu Stu alishapenda sauti za baghlama, ala ya nyuzi ya Kituruki yenye shingo ndefu. Sasa kwa mtu wa rock wa Ulaya hiyo ni ajabu, kwa mtu aliyekulia nyumba yenye ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, si ajabu, ni nyumbani. Ami yangu anapiga ganuni. Nikampigia Sleep Drifter kwenye simu, akasikiliza kimya, akasema rudisha, nikarudisha, akaivuta ganuni mapajani akaanza kuvipandisha na kuvishusha vile vichuma vya upande wa kushoto mpaka akaipata njia yao, halafu akawafuata. Alikuwa anawafuata huku anatikisa kichwa kama anavyofanya mtu akiimba vizuri mbele yake. Hakuuliza ni nani wala wa wapi.

Na humo ndani Stu anapuliza zurna. Aliyewahi kusikia zumari kwenye ngoma za pwani hatohitaji kuelezwa ile sauti inamfanya mtu nini tumboni.

K.G. ya 2020 na L.W. ya 2021 ndio muendelezo wa njia hiyohiyo, walirekodi kila mtu kwake wakati wa korona. K.G. naipenda. L.W. ina nyimbo nzito mwishoni lakini katikati inanipotea.

Msee_wa_Besi
Sasa wasee. Mimi niko Nairobi, napiga besi kanisani na hii bendi naipenda sana, lakini ukweli usemwe: hawa majamaa hawajui kuchuja. Mtu anipe 2017 yote nimkatie. Flying Microtonal Banana baki, Polygondwanaland baki, zile zingine tatu toa nyimbo sita saba tengeneza moja. Gumboot Soup ilitoka tarehe 31 Desemba juu walikuwa wameahidi watu albamu tano na mwaka unaisha, na nyingi humo ni nyimbo zilizokosa nafasi kwa zile nne za kwanza. Halafu Oktoba 2022 tena, albamu tatu mwezi mmoja! Nani ako na hiyo time? Mtu mpya akifungua hiyo orodha anaona msitu anafunga anaenda.

Na nasema hivi nikiwa mtu nimekaa na wimbo wao Rattlesnake usiku nikijifunza ile besi yake. Karibu dakika nane na iko karibu pale pale, unafikiri ni rahisi mpaka ujaribu kuishika bila kukimbia. Vidole vinataka kuongeza kitu na wimbo unakataa. Niliipeleka mazoezi ya kwaya, mpiga drams wetu akanipata, tukaishikilia mpaka kiongozi wa kwaya akaacha kupanga viti akaja kusimama karibu na spika. Mtu mwenye nidhamu kama hiyo ndani ya wimbo, aiweke pia kwa kutoa albamu.

Gita_la_Buza
@Msee_wa_Besi kaka hapo kwenye kuchuja tutagombana kwa heshima. Hiyo Oktoba 2022 umeitaja, mle ndani kuna Changes. Wazo la Changes ni la tangu 2017, ilikuwa wailete mwaka ule ikawashinda, wakaiweka pembeni mpaka 2022 ndo ikatoka. Miaka mitano. Sasa mtu asiyechuja si angeitupa tu hivyohivyo? Na Gumboot Soup ina Beginner's Luck na The Great Chain of Being, ukizikata hizo mimi na wewe hatuli meza moja.

Msee_wa_Besi
Beginner's Luck inabaki. Iko kwa zile sita.

Dada_wa_Zamu
Jamani naomba niseme na mimi, huwa nasoma tu. Mimi ni nesi, mlango wangu ni Butterfly 3000 ya 2021. Najua mashabiki wengi wa kiume wakisikia hivyo wanasema hiyo siyo King Gizzard wenyewe kwa sababu magita yamekaa nyuma na vinanda vimetawala. Kuna kundi niliwahi kuandika kwamba ndo albamu yangu namba moja nikajibiwa nirudi nikishasikiliza metali. Iliniuma, kwa sababu mimi ile albamu ilinishika mkono kipindi kigumu kweli.

Zamu ya usiku wodini, ile saa kumi alfajiri ambapo umeshapima wagonjwa wote presha, mafaili umejaza, kila mtu amelala na wewe huruhusiwi kulala. Naweka sikio moja tu ili nisikie mgonjwa akiita. Zile nyimbo wamezijenga juu ya vipande vidogo vya kinanda vinavyojirudia, na karibu zote zina furaha, furaha ya wazi kabisa bila aibu, na mimi sikuwa na furaha popote pengine kipindi kile. Kwa hiyo mtu asiniambie hiyo ni ya pembeni.

Zilizonishinda: Infest the Rats' Nest siwezi, moyo unanienda mbio. Na Murder of the Universe, yule dada anasimulia juu ya muziki wote huo, nashindwa kusikiliza nini.

Mrima
@Dada_wa_Zamu pole kwa hao waliokujibu hivyo, na asante kwa kuandika. Ila Murder of the Universe nataka niitetee kidogo, maana mimi ndo imenipa kumbukumbu nzuri kuliko zote.

Umeme ulikatika, nipo na mdogo wangu wa kiume ana miaka kama minane, anaogopa giza. Nina ile albamu kwenye simu. Nikamwambia paukwa, akasema pakawa, nikaanza. Sura mbili za kwanza anasimulia Leah Senior, sauti yake imetulia sana, kwa hiyo nikawa nasimamisha kila baada ya sentensi chache namtafsiria kwa Kiswahili, mtu amegeuka dubwana, sijui mfalme wa umeme anapigana na kinyamkera, afu naachia muziki upige ile vita. Dogo amekaa wima. Sura ya tatu msimulizi anabadilika anakuwa mashine kabisa, sauti ya kompyuta, anaitwa Han-Tyumi, na anachotamani ni vitu viwili ambavyo mashine haina uwezo navyo, kutapika na kufa. Dogo akanikatisha akauliza kwa nini anataka kufa, nikamwambia kwa sababu hawezi, akanyamaza muda, akasema cheza tena pale alipoongea. Umeme uliporudi alinizuia nisiwashe taa.

Kwa hiyo ukiisikiliza kama unavyosikiliza albamu nyingine itakuchosha. Ile ni hadithi, kaa nayo usiku.

Kiti_cha_Mbele
Mimi umri umeenda kidogo, nimekulia na muziki wa dansi. Vijana wa rock nawaona wanalalamika eti Head On/Pill ina dakika 16, The Dripping Tap ina dakika 18, ndefu mno. Sisi wimbo ulikuwa unaimbwa kwanza, mashairi yanaisha, ndipo sebene linafunguliwa na watu wanainuka kwenye viti, gita la solo linazunguka na kinachobadilika ni kidogo sana ila mguu unajua. The Dripping Tap ukiisikiliza kwa sikio hilo haina hata dakika moja ya kupoteza. Hawa nawakubali kwa sababu wana subira ya gita.

Ila Made in Timeland sijaielewa. Nyimbo mbili, robo saa kila mmoja, na naambiwa ilitengenezwa kwa ajili ya mapumziko ya shoo zao. Basi ingebaki hukohuko kwenye mapumziko. Laminated Denim nayo ni robo saa mara mbili vilevile, na herufi za jina ni zilezile za Made in Timeland zimepanguliwa, lakini hiyo ina muziki hasa.

Msee_wa_Besi
Mzee umenisaidia kesi 🙏

SanturiKavu
Nipo Minneapolis, kwetu Mwanza. Niongelee Polygondwanaland kwa sababu hakuna aliyegusa jambo kubwa lililofanyika pale. Novemba 2017 waliitoa bure, na siyo bure ya kusikiliza tu, waliweka mafaili ya ubora wa kiwandani wakasema chukueni, atakaye achape santuri, kanda, CD, auze, ni yenu. Watu duniani kote wakaanza kuchapa, makava tofauti tofauti, rangi tofauti. Yangu nilinunua duka la santuri za mitumba, kava lake sijaliona kwa mtu mwingine yeyote mpaka leo.

Mimi nikafanya la kwangu. Nilichoma CD, kava nikachora mwenyewe kwa kalamu ya wino, nikaenda nazo nyumbani likizo nikagawa mtaani, kinyozi, fundi pikipiki, binamu zangu. Kwa roho safi kabisa maana wenye mali wamesema ruksa. Kinyozi bado anayo, mwanzo wa Crumbling Castle ukianza kupiga pale watu wanauliza hii ni nini. Kwa hiyo mtu anayesema wanatoa albamu nyingi kwa ajili ya kuchuma hela anieleze na hiyo ilikuwa biashara gani.

Mapumziko_Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Julai 2025 walipoziondoa nyimbo zao Spotify, kwa sababu bosi wake wa wakati ule Daniel Ek alikuwa amewekeza kwenye kampuni ya silaha na droni, pleilisti zangu zote za kazini zikabaki mashimo. Siku ya kwanza nilikasirika, baada ya kusoma sababu nikawaheshimu zaidi. Kazi nzima waliiweka Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, lipa unachoweza, nikapakua nyingi.

Na kupakua kumenibadilishia usikilizaji. Zamani nilikuwa naruka, sasa faili lipo kwenye simu limekula nafasi, nalisikiliza mpaka mwisho. Ndivyo nilivyoipata The Silver Cord ile ndefu. Kuna toleo fupi na kuna refu la nyimbo zilezile, fupi lile ni kama wanakuonjesha na kukunyang'anya, refu linaenda karibu saa moja na nusu na pale ndipo vile vinanda vinapata hewa. Wanaosema The Silver Cord ni mbovu waulizwe kwanza wamesikiliza lipi.

Dada_wa_Zamu
Lile refu leo usiku. Nitaleta majibu.

Kijana_Mpya_254
Samahani wakubwa, nimesoma uzi wote na sijawahi kuwasikia hata siku moja. Nianzie wapi sasa?

Gita_la_Buza
Nonagon Infinity, sauti ya juu.

Mrima
Usiku au mchana? Mchana Paper Mâché Dream Balloon, magita makavu na filimbi, nyepesi. Usiku unajua nitasema ipi.

Kiti_cha_Mbele
Quarters! ya 2015 mwanangu. Nyimbo nne, kila mmoja dakika 10 na sekunde 10. Anza na The River, ukifika katikati ukajikuta unatikisa bega, wewe ni wetu.

MwanaUnguja
Kijana asiende kwanza Phantom Island, ingawa ni ya karibuni na itamjia mbele. Nimeisikiliza sana kwa sababu nilipoambiwa ina okestra nilifurahi kuliko nyote, sie taarab ni fidla. Nyimbo zake zilizaliwa pamoja na zile za Flight b741 ya 2024, okestra ikatungiwa na kupigwa baadae juu yake, na mie naisikia ile baadae. Fidla zimekuja kwenye nyumba iliyokwishajengwa. Kwenye taarab mwimbaji akimaliza mshororo fidla inamjibu, na yeye anaingia tena kwa namna alivyojibiwa. Hapa mwimbaji hakungoja jibu kwa sababu hakujua kama kuna wa kumjibu. Wimbo wa kwanza wenye jina la albamu ndio uliokaribia. Wakikaa na wapiga fidla chumba kimoja tangu siku ya kwanza, na gita lile la vyuma vya ziada likawemo, mie nitainunua kwa bei yoyote watakayosema.

Msee_wa_Besi
Hiyo hata mimi nawapa ruhusa watoe.