Naweza kuandika «inazuia kansere» kwenye mfuko wa unga wa soya?

Mama Unga, Kadutu
Jambo wandugu. Ninauza unga wa masoso hapa Kadutu, mjini Bukavu: mahindi, soya na mtama. Soya naitoa Walungu, naichambua, naikaanga mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo iende kwa mashine. Sasa kijana anayenichapia etiketi ameniletea mfano wa maandishi mekundu: INAZUIA KANSERE YA MATITI. Eti ameona kwenye intaneti, eti wateja watajaa. Upande mwingine nina mteja aliyekatwa ziwa kwa kansere, kila siku anameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia kansere isirudi. Jirani amemtisha kwamba soya ina homoni ya kike, aiache kabisa. Huyu anasema dawa, yule anasema sumu, na unga ni ule ule! Nani anajua vizuri?

Muuguzi wa Ibanda
Mama, hiyo etiketi usiichape. Soya ina isoflavoni, kitu chenye umbo la kufanana na estrojeni, homoni ya kike inayoweza kulisha kansere nyingi za matiti, ila nguvu ya isoflavoni ni ndogo sana. Hofu ya jirani imetoka hapo, na kwa panya wa maabara. Kwa watu haikuonekana hivyo. Shanghai walifuatilia wanawake 5,042 waliokwisha kupata kansere ya matiti, matokeo yakatoka 2009: waliokula soya zaidi, ugonjwa uliwarudia kidogo na vifo vilikuwa vichache, hata kwa wanaomeza tamoksifeni.

Lakini wale walitazamwa tu, kila mtu na chakula chake, na mpenda soya pengine ana desturi nyingine nzuri. Waliojaribu kwa kugawa makundi ni Marekani: wanawake 48,835, kundi moja likapunguza mafuta, likaongeza mboga, matunda na nafaka. Baada ya miaka kama 8, kansere ya matiti ilipungua kwa 9%, tofauti ambayo ingeweza kuja yenyewe tu. Matokeo hayo ni ya 2006. Sasa wewe utaandika «inazuia» kwa ushahidi gani?

Mteja wako anywe uji wake, amjulishe daktari. Vidonge vya isoflavoni ndivyo asiviguse bila kuuliza.

Baba Nyawera
Na kabichi, muuguzi? Bibi yangu amesoma kitu, sasa tunaila asubuhi na jioni, imechemshwa mpaka imekuwa maji.

Muuguzi wa Ibanda
Baba, hiyo ya kuchemshwa sana imepoteza mengi. Ukiikata, kimeng'enya chake, yaani kichocheo kilichomo ndani ya mboga, kinaanza kutengeneza kitu kinachoitwa sulforafani, na moto mkali unakiua. Ikateni, iacheni kidogo, kisha ipite kwenye moto haraka. Kwenye maabara sulforafani inasumbua chembe za kansere. Kwenye sahani yako ni mboga nzuri, basi.

Jambo lenye uhakika zaidi ni chupa. Pombe inaongeza hatari ya kansere ya matiti, na kasiksi ni pombe, hata ikitoka kwenye ndizi za shambani kwenu. Kunyonyesha nako kunasaidia: uchunguzi wa nchi 30, wa 2002, ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inashusha hatari kwa 4.3%.

Baba Nyawera
Kasiksi tena! Hii sitamsomea bibi.

Mama Unga, Kadutu
Aksanti sana muuguzi. Nimemwambia kijana afute. Tutaandika mahindi, soya, mtama, na tarehe ya kusaga. Sasa anadai nimlipe wino mwekundu.