Vipande 20 vya majaribio: nichape vyote au nitengeneze kalibu (umbo la kumiminia)?

mchoraji_umbo: Nina kasha la plastiki, sm 9 kwa 6, lenye ndoano za kubana kifuniko. Nimelichapa kwa printa ya 3D kwa PLA (plastiki ya kawaida ya kuchapia), ndoano zinakatika kifuniko kikifunguliwa mara ya pili au ya tatu. Sasa nahitaji vipande 20. Niendelee kuchapa?

Matabaka: Umezichapa wima, ndiyo maana zinakatika shinani: matabaka ya plastiki ambayo printa huyapanga moja juu ya jingine yanaachana. Laza kipande ili matabaka yafuate urefu wa ndoano, viringisha kona ya shina angalau mm 0.5, tumia PETG, plastiki inayovumilia kupindwa zaidi. PLA ni ngumu ila haipendi kupindwa. Kati ya kifuniko na kasha acha mm 0.2 hadi 0.3. Na jaribu ndoano peke yake kwanza, kasha zima la nini?

kalibu_moja: Kwa 20 ningemimina poliuretheni (plastiki ya maji inayoganda ikishachanganywa) kwenye kalibu ya silikoni. Chapa kielelezo kimoja cha kutengenezea kalibu kwa resini (plastiki ya maji inayoivishwa kwa mwanga), kipige msasa hadi namba 600. Kila mkwaruzo utanakiliwa. Balaa lipo hapa: silikoni ya platini (inayogandishwa kwa kichocheo cha platini) ikigusa resini isiyoiva vizuri haigandi, inabaki utelezi. Osha kielelezo kwa alkoholi ya isopropili, kiivishe kwa mwanga wa UV, kisha kipake vanishi ya akriliki. Jaribu tone moja kwanza.

mchoraji_umbo: Sina pampu ya kunyonya hewa ili kutoa viputo kwenye silikoni.

kalibu_moja: Mimina silikoni kutoka juu kama uzi mwembamba, kwenye kona moja tu, ijipandie yenyewe. Viputo vingi vitapasuka njiani.